SEWA HAJI, TAJIRI WA BAGAMOYO



Safari hii tumemchagua Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, wa jumuiya ya Khoja Ismailia. Alizaliwa mwaka 1851. Baba yake alikuwa na duka Bagamoyo, naye akaikuza biashara ile hadi ikajulikana mpaka bara.

Sisi wa Kilosa na Mikumi tunahusika naye kuliko tunavyodhani. Kabla ya reli na lami, misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata mbuga ya Mkata, ikafuata bonde la mto Mkondoa hapa Kilosa kuelekea Mpwapwa na Tabora. Sewa Haji aliwauzia wasafiri merikani, kaniki na ushanga, akawatafutia wapagazi, akanunua pembe za ndovu zilizorudi. Aliuza pia bunduki na baruti, hilo tusilifiche.

Mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alimpatia wapagazi Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Stanley aliandika baadaye kwamba kijana yule alimpunja. Sisi hatuhukumu, kwani aliyeandika kitabu ni mmoja tu kati ya hao wawili. Msafara wenyewe ulikutwa na masika Mkata, na anayeijua Mkata wakati wa mvua hahitaji kuelezwa matope yake.

Lakini tajiri huyu hakungoja uzee ndipo atoe. Mwaka 1892 aliipa serikali ya Wajerumani jengo la ghorofa pale Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba lipokee watoto wa rangi zote. Hebu tulitazame sharti hilo. Vita vya Abushiri vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, mji umeumia, na mtawala alikuwa mgeni aliyewapanga watu kwa rangi zao. Angeweza kuwajengea watoto wa Kihindi peke yao, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akataka mtoto wa mpagazi naye apate dawati. Kwetu sisi walimu, sharti lile lina thamani kuliko hata matofali.

Akatoa tena fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wenyeji na Wahindi. Katika wasia wake aliwakumbuka wagonjwa na wakoma. Alifariki mwezi Februari 1897, akiwa na miaka 46 tu, na hospitali ikaanza kazi mwaka huohuo. Allah amrehemu.

Hospitali ile iliitwa kwa jina lake na kuhudumia watu mpaka mwaka 1956, ilipofunguliwa hospitali mpya ambayo sasa ni Muhimbili. Huko lipo jengo la wodi linaloitwa Sewa Haji. Wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka kwetu huelekezwa humo, na huenda wengine hudhani ni jina la daktari.