Mackay, Mpiga Chapa wa Buganda

Ukishuka kutoka Bunia mpaka Kasenyi, utafika kwenye Ziwa Albert. Ng'ambo ya ziwa hilo ni nchi ya Uganda. Huko, zamani za Kabaka Mutesa na Kabaka Mwanga, aliishi fundi mmoja Mzungu, jina lake Alexander Mackay. Alijua kazi nyingi za mikono, lakini kazi moja ilizaa matunda kuliko zote. Kazi hiyo ni kupiga chapa.

Mackay alizaliwa katika nchi ya Scotland, tarehe 13 Oktoba 1849. Baba yake alikuwa mchungaji wa Waprotestanti. Katika karne ile mafundi wa Ulaya na Marekani walishindana kutengeneza mitambo mipya ya kupiga chapa. Mtambo wa mkono ulitoa karatasi kama 250 tu kwa saa. Kisha Mjerumani mmoja, Friedrich Koenig, akatengeneza mtambo ulioendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Mwaka 1814 mtambo huo ulipiga chapa gazeti la The Times la London, karatasi 1100 kwa saa moja. Mtu aliyevumbua kitu cha namna hii aliomba hati ya serikali, ili mwingine asikiige bila ruhusa yake. Kwa hati hizo wengine walipata mali, na wengine walipata ugomvi na kesi.

Mackay naye alikuwa na akili ya uvumbuzi. Alisomea ufundi wa mashini katika mji wa Edinburgh. Mwaka 1873 alikwenda Berlin kufanya kazi ya ufundi, na huko alibuni mashini ya kilimo iliyopata zawadi ya kwanza katika maonyesho. Angaliweza kukaa Ulaya na kutafuta mali. Lakini alisikia kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu, naye akajitoa kwenda. Aliondoka mwaka 1876. Homa ilimchelewesha, na kazi ya kukata barabara pia, hata akafika Buganda mwezi wa Novemba 1878. Miezi mitatu baadaye, katika Februari 1879, wakafika Mapadri Weupe. Wa kwanza wao walikuwa Padri Lourdel na Bruda Amans.

Mackay alifanya kazi ya useremala, ya uhunzi na ya ujenzi. Lakini aliona vijana wengi wana hamu ya kusoma, na vitabu vya Kiganda hakuna. Afanye nini? Mitambo mikubwa ya mvuke ilikuwa mbali sana. Basi akatwaa vipande vya mti, akaanza kuchonga herufi moja moja.

Kazi hiyo ni ngumu. Herufi ya chapa huchongwa kinyume, kama sura yako unavyoiona katika kioo. Fundi hupanga herufi moja baada ya nyingine mpaka neno litimie, halafu mstari, halafu ukurasa. Kisha hupaka wino, huweka karatasi juu na kukandamiza. Akimaliza, hupangua herufi zote na kuzipanga tena kwa ukurasa mwingine. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo Mackay alivyopata karatasi za kujifunzia kusoma, na vijana wakajifunza.

Mackay na Padri Lourdel hawakupatana. Mara nyingi walibishana juu ya dini mbele ya Kabaka. Lakini wote wawili walifundisha kusoma, hata watu wakawaita Wakristo wote wasomaji.

Mutesa alikufa mwaka 1884, na Mwanga akatawala mahali pake. Kabaka huyu mpya aliwaogopa wasomaji. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa nyumba ya Mackay waliuawa kwa moto. Majina yao ni Mako Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Mackay aliwaombea, asisikilizwe. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto, Wakatoliki pamoja na Waprotestanti. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu, na siku hiyo aliwataja pia wale Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo.

Katika siku zile za hofu kusoma kulikuwa hatari, lakini wasomaji hawakukoma. Walikuja kwa siri, usiku. Mackay naye hakuacha kazi. Mwenzake alipoondoka mwaka 1886, alibaki peke yake karibu mwaka mzima, akitafsiri, akipanga herufi na kupiga chapa. Hivyo Evanjili ya Mateo ilipigwa chapa kwa Kiganda.

Katika Julai 1887 ilimpasa Mackay kuondoka Buganda. Alihamia Usambiro, kusini ya Ziwa Nyanza, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Hapo akajenga, akafundisha, akaendelea kutafsiri. Mwaka 1889 Stanley alifika kwake, akitoka Ziwa Albert, baada ya kupita katika msitu wetu wa Ituri. Wakubwa wa Mackay walimwomba arudi Ulaya apumzike. Hakukubali, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika kazi yake. Homa ilimpata, akafa tarehe 8 Februari 1890, mwenye umri wa miaka 40. Miaka 14 ilikuwa imepita, naye hajarudi kwao hata mara moja. Padri Lourdel alimfuata kwa kifo katika Mei ya mwaka uleule.

Wengine waliendeleza kazi yake. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiganda. Mackay hakuomba hati kwa herufi zake za mti. Yeyote aliyetaka kuzisoma alizisoma, na aliyejua kusoma akamfundisha mwenzake.

Maulizo
1. Mtambo wa Koenig ulipita mtambo wa mkono kwa jambo gani?
2. Kwa nini herufi ya chapa huchongwa kinyume?
3. Wakristo wa Buganda waliitwa nani, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini Mackay hakukubali kurudi Ulaya?