Red Auerbach, mzee aliyejenga Boston wakati uwanja umefungwa

Wapenzi wa basketi huhesabu mechi. Lakini ekipe kubwa mara nyingi hujengwa wakati hakuna mechi hata moja: kati ya mwezi wa sita na wa kumi, msimu ukiisha, viongozi wanapokaa mezani kuamua nani abaki, nani aende, nani alipwe ngapi. Katika kazi hiyo, Marekani haijasahau jina la Arnold Auerbach, aliyeitwa Red juu ya nywele zake nyekundu.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1917 mtaani Brooklyn, mjini New York. Baba yake alikuwa Myahudi aliyehama kutoka Minsk, akafungua kazi ya kufua nguo za watu. Red alicheza basketi kwenye chuo kikuu cha George Washington, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1946 ligi ya watu wa kulipwa ilipoanza, alipewa ekipe ya Washington. Mwaka 1950 Walter Brown, mwenye Boston Celtics, akamwita. Ekipe ilikuwa inashindwa kila mara na ilikuwa inamaliza feza ya mwenyewe.

Mwaka ule ule Boston ilimchagua Chuck Cooper, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya NBA. Drafti ni ile siku ambayo ekipe zinachagua vijana wapya kwa zamu. Ndiyo njia aliyopitia ndugu yetu Dikembe Mutombo, aliyechaguliwa wa nne na Denver mwaka 1991. Kijana hachagui ekipe. Ekipe ndiyo inamchagua.

Kumbe Red naye alikuwa anakosea. Mwaka huo huo hakumtaka Bob Cousy, kijana aliyependwa sana na watu wa Boston. Ekipe aliyokuwa amefikia Cousy ikafungwa, majina ya wachezaji watatu yakatiwa ndani ya kofia, na Boston ikaokota la Cousy. Yule aliyekataliwa akawa kiongozi wa mchezo wao kwa miaka mingi.

Uamuzi mkubwa ulikuja mwaka 1956. Red alimtaka Bill Russell, kijana mrefu aliyejua kuzuia na kukamata mipira kuliko wote. Lakini St. Louis ndiyo ilikuwa na nafasi ya pili ya kuchagua. Ili kuipata, Boston ilitoa watu wawili: Ed Macauley, nyota wao, na Cliff Hagan aliyekuwa ametoka jeshini. Brown alisita kumtoa Macauley. Macauley mwenyewe akakubali, juu mtoto wake alikuwa mgonjwa sana kule St. Louis, kwao. Rochester, waliokuwa na nafasi ya kwanza, wakamchukua Sihugo Green. Russell akabakia kwa Boston.

Tena ilibidi kungoja. Russell alienda kwanza kwenye michezo ya Olimpiki ya Melbourne, akafika Boston mwezi wa kumi na mbili. Miezi michache baadaye, mwaka 1957, Celtics wakatwaa kombe lao la kwanza. Kutoka hapo mpaka 1966, Red akiwa mwalimu, wakachukua makombe 9, na 8 ya mwisho yalifuatana bila kukatika.

Wakati ule mchezaji hakuwa na nguvu mezani. Wengi hawakuwa na mtu wa kuwasemea, na mkataba ukiisha hawakuwa huru kwenda watakako. Red alijadiliana nao mwenyewe. Hakupenda hesabu za vikapu. Alilipa mtu kwa vile anavyosaidia ekipe kushinda. Hii ilileta umoja, maana mwenye kupiga pasi na mwenye kuzuia hawakudharauliwa. Lakini ilimpa pia Red kisu na nyama: yeye peke yake ndiye aliamua thamani ya kila mtu. Haishangazi kwamba viongozi wa chama cha wachezaji walitoka ndani ya ekipe yake, kwanza Cousy, kisha Tom Heinsohn. Mwezi wa kwanza 1964, kule kule Boston, wachezaji nyota wa ligi walikataa kutoka chumbani mpaka waahidiwe malipo ya uzeeni. Wakayapata.

Mwaka 1965 Wilt Chamberlain alisaini kwa dola 100,000 kwa mwaka. Boston ikampa Russell dola 100,001. Dola moja tu, lakini kila mtu alielewa maana yake. Mwaka 1966 Red aliacha ualimu na kiti chake akampa Russell, ambaye akawa Mweusi wa kwanza kufundisha ekipe ya NBA. Red akabaki ofisini, kazi yake ikiwa ni kuchagua watu na mikataba.

Ofisini alionja uchungu pia. Mwaka 1978 aligombana na mwenye ekipe mpya, John Y. Brown, mpaka akakaribia kuhamia New York. Akabaki. Kabla ya ugomvi huo, mwezi wa sita, alikuwa ameshamchagua Larry Bird, ingawa Bird alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Ekipe tano zilikuwa zimempita, hazikutaka kungoja. Hatari ilikuwa wazi: kama Bird hangesaini kabla ya drafti ya 1979, Boston ingempoteza bure. Majadiliano yalikuwa magumu. Mwishoni Bird alipata dola 650,000 kwa mwaka, kwa miaka 5, mshahara ambao mchezaji mpya wa basketi hakuwa amewahi kuuona.

Mapema 1979, Brown alitoa nafasi tatu za drafti ili kumleta Bob McAdoo, bila kumuuliza Red. Brown alipoondoka, Red aligeuza hasara hiyo. Alimsainisha M.L. Carr kutoka Detroit. Kanuni za wakati ule zilidai fidia, akawapa McAdoo, nao wakaongeza nafasi mbili za drafti ya 1980. Moja ikawa nafasi ya kwanza kabisa. Red akaipeleka Golden State pamoja na ya 13, akapokea Robert Parish na nafasi ya tatu, ambayo alimchagulia Kevin McHale. Bird, Parish na McHale walileta makombe ya 1981, 1984 na 1986.

Mwezi wa sita 1986, kombe likiwa bado jipya, Boston ilimchagua Len Bias katika nafasi ya pili. Nafasi ile Red alikuwa ameiandaa tangu 1984, alipomtoa Gerald Henderson kwenda Seattle. Bias alikuwa na miaka 22. Siku mbili baada ya kuchaguliwa akafa kwa sababu ya kokeini. Familia ikapoteza mtoto. Kwa upande wa ekipe, Bird na wenzake walikuwa wanazeeka, na mtu wa kuwapokea hakuwepo tena. Miaka 22 ilipita kabla Boston kupata kombe lingine.

Red Auerbach hakuliona. Alifariki tarehe 28 Oktoba 2006 akiwa na miaka 89. Makombe 16 yana mkono wake, 9 kama mwalimu na 7 kama kiongozi wa ofisini. Hata leo mwalimu bora wa mwaka katika NBA anapewa tuzo yenye jina lake.