SULTANI SALAHUDDIN NA MJI WA AKKA

Salahuddin Yusuf bin Ayyub ni mtu ambaye jina lake halina haja ya kutambulishwa kwa Muislamu. Watoto wa chuoni walijua, na wakubwa hulitaja kila panapozungumzwa ushujaa. Lakini twaona kuwa wengi katika sisi huikomesha habari yake siku ile alipoingia Baitul Muqaddas, kana kwamba umri wake uliishia hapo. Kumbe baada ya siku hiyo aliishi miaka mitano na ushei, na karibu miwili katika hiyo aliimaliza mbele ya mji mmoja, nao ni Akka. Na mji huo akaukosa. Hiyo ndiyo sehemu tutakayoieleza leo, kwani mara nyingi faida iliyomo katika kushindwa kwa mtu mkubwa huzidi ile iliyomo katika ushindi wake.

Salahuddin alizaliwa Tikrit, katika nchi ya Iraqi, mwaka wa 532 wa Hijra, katika ukoo wa Kikurdi. Alikwenda Misri pamoja na ami yake, Shirkuh, katika jeshi la Nuruddin, mtawala wa Sham. Shirkuh alipofariki mwaka 1169, Salahuddin akawa waziri wa Misri, na mwaka 1171 akaumaliza ukhalifa wa Wafatimi. Alipokufa Nuruddin mwaka 1174 aliingia Dameski; Halab akaipata mwaka 1183; na watu wa Mosul wakapatana naye mwaka 1186. Hivyo ilimchukua miaka kumi na miwili kuwakusanya Waislamu, na katika miaka hiyo mara nyingi alipigana na Waislamu wenziwe.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana mwezi wa Julai 1187 huko Hittin, lilipovunjwa jeshi kubwa la Watu wa Msalaba, na mfalme wao, Guy wa Lusignan, akatekwa. Akka ilisalimu amri siku chache baadaye. Tarehe 2 Oktoba, iliyokuwa 27 Rajab, akaingia Baitul Muqaddas, na watu wake akawaacha wajikomboe kwa fidia, wala hakuwaua.

Lakini ulibaki mji wa Sur, ulio pwani, kaskazini ya Akka. Kila mji uliosalimu amri Salahuddin aliwapa amani askari wake na matajiri wake, nao wakaenda zao Sur. Na huko alikuwa amekwisha kufika Conrad wa Montferrat, aliyeziimarisha kuta zake. Salahuddin aliuzunguka mji huo mwisho wa mwaka 1187. Baridi ikawa kali, merikebu zake tano zikatekwa, maamiri wakachoka wakataka kwenda kwao, naye akaondoka. Ibn al-Athir, mwanahistoria wa zama hizo, alimlaumu waziwazi kwa jambo hilo, na hatuoni kuwa alimdhulumu. Mwaka 1188 akamwachia huru na Mfalme Guy, baada ya kuahidi kuwa hatapigana naye tena. Ahadi hiyo haikutimizwa.

Mwezi wa Agosti 1189 Guy alitoka Sur na watu wachache akaja kuihusuru Akka. Mji huo umezungukwa na bahari pande mbili, na kwa upande wa bara una kuta madhubuti. Salahuddin alikuja mbio na jeshi lake, akapiga kambi nyuma ya Watu wa Msalaba. Basi ikawa hali ya ajabu: Waislamu wamo ndani ya mji wamezungukwa, na waliowazunguka nao wamezungukwa na Waislamu wengine. Watu wa Msalaba wakachimba mahandaki pande zote mbili, na kila majira ya safari merikebu zao zikawaletea watu wapya kutoka Ulaya.

Waliokuwa ndani walisubiri subira kubwa. Mwaka 1190 ilisogezwa mbele ya kuta minara mitatu mirefu ya mbao, na kijana mmoja wa Dameski, mwana wa mfua shaba, akatengeneza nafta ya namna yake akaiunguza yote. Mabaharia wa Beirut walinyoa ndevu zao, wakaweka nguruwe juu ya sitaha na misalaba juu ya merikebu, wakapita katikati ya adui na chakula cha mji. Mwogeleaji mmoja, jina lake Isa, alikuwa akipita usiku chini ya merikebu za adui, amefunga kiunoni barua na dhahabu ya mishahara ya askari. Usiku mmoja alizama, na baada ya siku chache mawimbi yakamtupa pwani ya Akka, na amana yote ingali kiunoni mwake.

Maskini hao walitoa walicho nacho. Je, wakubwa walitoa nini? Khalifa wa Baghdad alileta mizigo miwili ya nafta, mikuki kidogo, na hati ya kumruhusu Sultani akope dinari 20,000 kwa wafanya biashara. Salahuddin alipokea vitu akairudisha hati. Alimpelekea mjumbe sultani wa Maghribi kumwomba merikebu, na mjumbe akarudi bila merikebu. Maamiri wa mashariki waliomba ruhusa ya kwenda makwao kila baridi ilipoingia. Na mtoto wa nduguye mwenyewe, Taqiuddin, aliondoka mwaka 1191 akashughulika kujitafutia miji mingine. Baridi hiyo askari wa Akka walibadilishwa, na walioingia wakawa wachache kuliko waliotoka.

Mwezi wa Aprili 1191 alifika Mfalme Philip wa Ufaransa, na mwezi wa Juni Mfalme Richard wa Uingereza. Mitambo ya mawe ikapiga kuta usiku na mchana. Tarehe 12 Julai askari wa mji walisalimu amri pasina idhini ya Sultani, kwa sharti la dinari 200,000 na kuachiliwa mateka wa Kikristo. Salahuddin alikuwa angali anatayarisha jawabu la kukataa alipoziona bendera za adui zimepanda juu ya kuta. Palipotokea khitilafu juu ya malipo, Richard aliwatoa mateka kiasi cha 2,700 akawaua mbele ya macho ya wenzi wao. Salahuddin naye kwa uchungu aliwaua Wazungu waliokamatwa njiani, na hilo hatulifichi.

Hapo vita viligeuka. Aliyekuwa akishambulia akawa wa kujilinda. Alishindwa Arsuf mwezi wa Septemba, na kwa mkono wake akaibomoa Asqalan isije ikawa ngome ya adui. Lakini hakuikimbia Baitul Muqaddas, na Richard hakuweza kuichukua. Mwezi wa Septemba 1192 walifanya suluhu: pwani toka Sur mpaka Jaffa iwe ya Watu wa Msalaba, Baitul Muqaddas ibaki kwa Waislamu, na mahujaji wa Kikristo waizuru kwa amani. Akka yenyewe haikurudi mpaka mwaka 1291, miaka mia kamili.

Salahuddin alifariki Dameski tarehe 4 Machi 1193. Katika hazina yake binafsi zilikutwa dirhamu 47 na dinari moja, na gharama za maziko yake zilikopwa.

Ndugu wasomaji, Akka haikupotea kwa uchache wa mashujaa. Ilipotea kwa mlango mmoja ulioachwa wazi huko Sur, na kwa wakubwa waliomwacha mtu mmoja achukue mzigo wa wote. Anayemsifu Salahuddin kwa Hittin na ajiulize pia: lau angekuwapo siku za Akka, angekuwa mfano wa Isa mwogeleaji, au angekuwa mwenye kupeleka hati ya mkopo? Mwenyezi Mungu amrehemu Sultani, na amrehemu kila aliyeifikisha amana yake.