Saint-Georges na Chenga ya Upanga

Neno chenga tumelizoea mno katika viwanja vya kandanda: mtu huonyesha aendako, mwenziwe akamwamini, naye akenda kwingine. Katika mchezo wa panga wa Ulaya hila hii ndiyo kiini cha ufundi wenyewe, na miongoni mwa mabingwa wa mchezo huo katika karne ya 18 ni wachache waliovuma kama mwana mmoja wa mtumwa.

Joseph Bologne, maarufu kwa lakabu ya Chevalier de Saint-Georges, alizaliwa mwaka 1745 katika kisiwa cha Guadeloupe, koloni ya Ufaransa katika bahari ya Karibi. Baba yake alikuwa Mfaransa mwenye mashamba. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika. Baba alimkiri mwanawe, akampeleka Ufaransa, na alipotimu umri wa miaka 13 akamtia katika chuo cha upanga cha La Boëssière jijini Paris.

Hebu tutazame, msomaji, jinsi hila hiyo inavyotendeka. Mchezaji huunyosha mkono, ncha ya upanga ikielekea upande mmoja wa kifua cha mpinzani. Mpinzani huusogeza upanga wake ili ajikinge. Kabla vyuma havijagusana, mshambulizi huishusha ncha, akaipitisha chini ya mkono wa mwenziwe na kuiibusha upande wa pili ulioachwa wazi. Hayo hutendwa kwa vidole, wala si kwa bega. Mimi niliyezoea kuchunguza lugha naona kwamba haya ni mazungumzo: ncha hutoa kauli, na kauli hiyo haina budi kuaminika. Mkono ukiwa umekunjika, hakuna atakayetishika; na mpinzani asiyetishika huweza kumchoma mwongo ilhali angali anautunga uongo wake. Ndiyo maana ufundi huu hudai wepesi kuliko nguvu. Mwana wa La Boëssière, aliyetoa kitabu juu ya sanaa hii mwaka 1818, alisimulia kwamba Saint-Georges akiwa na miaka 15 alikuwa tayari akiwashinda wachezaji hodari, na kwamba miaka miwili baadaye wepesi wake ulikuwa hauna kifani.

Mwalimu mmoja wa mji wa Rouen, Alexandre Picard, alimdhihaki hadharani kwa uchotara wake. Baba aliahidi farasi na gari la kukokotwa iwapo kijana angemshinda. Akenda, akamshinda bila taabu. Mwaka 1766 alishindwa na bingwa wa Kiitalia, Gianfaldoni, lakini bingwa huyo mwenyewe alitabiri kwamba kijana angekuja kuwa mchezaji bora wa Ulaya nzima.

Fauka ya upanga, alikuwa fundi wa fidla na mtunzi wa muziki, na kuanzia mwaka 1773 aliongoza mojawapo ya okestra bora za Paris. Mwaka 1776 alipopendekezwa kuisimamia Opera ya jiji hilo, waimbaji na wachezaji ngoma kadhaa wa kike walimwandikia malkia Marie Antoinette wakilalamika kwamba heshima yao haikuwaruhusu kutii amri za chotara. Akaliondoa jina lake. Chenga humfaa mtu mbele ya mpinzani anayemtazama. Hao hawakumtazama kamwe.

Mwaka 1787, jijini London, alipambana mbele ya mrithi wa ufalme wa Uingereza na d'Éon, askari na jasusi mstaafu aliyekuwa akiishi kama mwanamke, na ambaye aliingia ulingoni akiwa na gauni jeusi na miaka 58. D'Éon alishinda. Wapo wadaio kwamba Saint-Georges alijiachia kwa adabu. Mimi sisadiki upesi: d'Éon naye alikuwa bingwa, na huenda gauni lile lilikuwa chenga kubwa kuliko zote.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipozuka aliyaunga mkono, na mwaka 1792 akapewa uongozi wa kikosi cha askari weusi na machotara. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ilimtia gerezani, akakaa takriban mwaka mzima bila kuhukumiwa. Alikuwa angali kifungoni Februari 1794, Ufaransa ilipoufuta utumwa katika makoloni yake. Alifariki Paris mwezi Juni 1799. Mwaka 1802 Napoleon aliurudisha utumwa, na watu wa Guadeloupe wakatiwa tena minyororo.