Abate Gregor Mendel na Rangi za Kuku Wetu

Huku Holili, kama katika vijiji vingi vilivyo chini ya mlima Kilimanjaro, ni nadra kukuta uani kuku wa rangi moja. Mweusi, mwekundu, mweupe, wa michirizi, kishingo na kidimu, wote huchakura pamoja, na majogoo wa majirani hawajui mpaka. Kisha koo mweusi aliyepandwa na jogoo mweusi huangua vifaranga, na kimoja kati yao ni chekundu. Hapo maneno huanza: yai si lake, kifaranga kimeibwa, jirani ana mkono mrefu. Watu waliosaidiana miaka mingi huweza kunyimana hata moto kwa ajili ya kifaranga kimoja. Kabla ya kumshitaki mtu, yafaa tuyakumbuke maisha ya padri aliyewafundisha wanadamu jinsi sura ya wazazi inavyopita kwa watoto.

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi iliyokuwa chini ya Kaisari wa Austria, na ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Baba yake alikuwa mkulima maskini, naye kijana alijifunza tangu utoto kupandikiza miti ya matunda na kutunza nyuki. Mwaka 1838 baba aliumizwa vibaya na gogo la mti, na tangu hapo karo ya shule ikawa shida. Kijana alisoma kwa njaa, akiwafundisha wenzake ili apate chakula. Dada yake mdogo, Theresia, alimpa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka asiache masomo. Mendel hakuusahau wema huo. Alipokuwa mtu mzima aliwasaidia watoto wa kiume wa dada huyo kusoma.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Toma ya Waagostino mjini Brno, akapewa jina la Gregor, na mwaka 1847 akapata Upadri. Kazi ya kuwatembelea wagonjwa ilimlemea moyo hata yeye mwenyewe akaugua. Mkubwa wake, Abate Napp, aliyaona hayo, akampeleka kufundisha shule. Alipofanya mtihani wa ualimu mwaka 1850 alishindwa. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, akajifunza fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Mwaka 1856 akaujaribu mtihani tena, wala hakufaulu. Basi mtu huyu alifundisha miaka mingi akiwa mwalimu msaidizi tu, bila cheti.

Mwaka huohuo wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Alichagua njegere, kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe na wazazi waweza kujulikana kwa hakika. Alipotaka kuchanganya aina mbili, aliyakata mavumbuo ya ua changa, akaleta chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika ua kwa mfuko lisiguswe na mdudu. Kwa miaka minane alichunguza mimea ipatayo 28,000. Alipochanganya njegere za mbegu ya njano na zile za mbegu ya kijani, uzao wa kwanza ulitoa mbegu za njano peke yake. Lakini uzao wa pili ulitoa mbegu 6,022 za njano na 2,001 za kijani, yaani karibu tatu kwa moja. Kumbe kijani hakikufa, bali kilijificha. Mendel akafahamu ya kuwa kwa kila sifa mtoto hupokea sehemu moja kwa baba na moja kwa mama, na ya kuwa sehemu moja yaweza kuifunika nyingine bila kuiharibu.

Matokeo hayo aliyasoma mbele ya wataalamu wa Brno mwaka 1865, yakachapwa mwaka 1866. Ni wachache mno walioyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abate, na miaka yake ya mwisho ililiwa na ugomvi na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Mjini alililiwa kama mtawa mwema. Habari za njegere hazikuwa na uzito. Ndipo mwaka 1900 wataalamu watatu, de Vries, Correns na Tschermak, walipoifufua kazi yake. Miaka miwili baadaye Mwingereza William Bateson alionyesha kwa kuchanganya kuku wa undu mbalimbali ya kuwa kanuni ya mtawa huyu yawahusu wanyama pia.

Sasa turudi uani. Weusi wa kuku kwa kawaida huifunika rangi nyekundu. Jogoo mweusi na koo mweusi, ikiwa kila mmoja amebeba nyekundu iliyofichika, huweza kuzaa, kwa wastani, mwekundu mmoja katika kila wanne. Kuku mweupe naye huenda akawa amefunika rangi nyingi asizozionyesha. Ipo namna ya kijivu isiyotulia: wazazi wawili wa kijivu hicho huzaa robo weusi, nusu kijivu, na robo weupe wenye madoa. Kishingo mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo kwa kawaida amepokea sifa hiyo kwa mzazi mmoja tu. Akipandwa na jogoo wa kawaida, karibu nusu ya vifaranga watakuwa kishingo. Tena koo wa michirizi myeusi na myeupe, akipandwa na jogoo mweusi asiye na michirizi, huwarithisha michirizi wana wake wa kiume peke yao.

Hata hivyo, sheria hizi si rungu la kumpigia jirani. Mendel aliweza kusema neno kwa sababu alifunika maua na kuhesabu maelfu. Sisi kuku wetu huzurura, na vifaranga wanane ni wachache mno kuthibitisha robo au nusu. Koo huhifadhi mbegu ya jogoo tumboni hata majuma mawili au zaidi, hivyo jogoo aliyechinjwa juzi aweza kuwa baba wa kifaranga cha kesho. Anayetaka kujua kwa hakika hana budi kumfungia koo peke yake majuma manne, ndipo amwingizie jogoo mmoja aliyemchagua, aandike mayai na kuhesabu vifaranga mfululizo.

Kazi hiyo haihitaji cheti. Yahitaji banda, daftari na saburi. Aliye na kifaranga chekundu na hasira moyoni aanze na daftari. Shauri la barazani lingoje. Huenda mwekundu yule alikuwamo ndani ya kuku wake mweusi tangu zamani, na jirani hana kosa.