Connie Mack: Mdakaji Aliyetoka Kiwanda cha Viatu

Tarehe 22 Desemba 1862, Marekani ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na baba mwenye nyumba akiwa jeshini, familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland ilipata mtoto wa kiume katika mji mdogo wa East Brookfield, Massachusetts. Aliitwa Cornelius McGillicuddy. Jina hilo refu lilizoeleka kwa ufupi kuwa Mack, na kwa jina la Connie Mack mashabiki wa besiboli wanamkumbuka hata leo.

Akiwa bado mtoto alifanya kibarua katika kiwanda cha pamba. Baadaye aliacha shule akaingia kiwanda cha viatu ili kuwasaidia wazazi wake. Baada ya kazi alicheza besiboli katika timu ya mji, nafasi yake ikiwa ya mdakaji.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji mwenye gongo na kupokea kila mpira anaoutupa mrushaji. Ndiye aonaye uwanja wote. Enzi zile kinga ya mikono ilikuwa hafifu, na wadakaji wengi walisimama mbali. Mack alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusogea karibu kabisa na mpigaji, na vidole vyake vilivyopinda vilimshuhudia hadi uzeeni.

Mwaka 1884 aliacha kiwanda akaenda Meriden, Connecticut, kucheza katika ligi ndogo. Huko, na kisha Hartford, alijifunza kazi yake. Mpigaji hodari hakuwa; alikuwa mrefu, mwembamba, mwepesi wa kufikiri. Mnamo Septemba 1886 akapanda hadi ligi kuu, katika timu ya Washington.

Tusimvike utakatifu ambao mwenyewe hakuudai. Sheria ya wakati ule ilimtoa mpigaji ambaye mpira umegusa gongo lake kidogo tu kisha ukadakwa. Basi Mack alijifunza kuiga mlio wa mguso huo, mwamuzi akadanganyika. Pia alikuwa na mazoea ya kuligusa gongo la mpigaji kwa siri. Kijana huyohuyo hakunywa pombe wala kuvuta sigara, na lugha chafu haikuwa desturi yake. Yote mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja, kama ilivyo kwa wengi wetu.

Mwaka 1890 wachezaji waliochoshwa na ubahili wa wamiliki walianzisha ligi yao. Mack aliwekeza akiba yake, dola 500, katika timu ya Buffalo. Ligi hiyo ilidumu msimu mmoja tu, na fedha zikapotea. Akahamia Pittsburgh. Ndipo, Desemba 1892, mkewe Margaret alipofariki dunia, akimwachia watoto watatu wadogo. Mama yake Mack aliyewahi kumlea yeye akasaidia kuwalea wajukuu, naye mjane huyo akarudi uwanjani kutafuta riziki. Mwaka uliofuata akaumia vibaya mguu katika mgongano, na udakaji wake haukuwa tena kama zamani.

Akafanywa meneja wa Pittsburgh mwaka 1894, na miaka miwili baadaye akaondolewa. Alikubali kushuka tena, kwenda Milwaukee katika ligi ndogo ya magharibi. Ligi hiyo ndiyo iliyokua ikawa ligi kuu ya pili ya nchi mwaka 1901, na Mack akapewa timu ya Athletics ya Philadelphia. Aliiongoza kwa miaka 50, akikaa benchini na suti na tai, si jezi. Alitwaa ubingwa wa dunia mara tano, akashika mkia mara 17. Hakuna meneja aliyeshinda mechi nyingi kuliko yeye, wala aliyeshindwa nyingi zaidi.

Alifariki tarehe 8 Februari 1956, akiwa na umri wa miaka 93, na kuzikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Holy Sepulchre, nje kidogo ya Philadelphia.