Bruce Jay Nelson

Bruce Jay Nelson (19 Januari 1952 – 19 Septemba 1999) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kazi yake juu ya mwito wa utaratibu wa mbali, kwa kifupi RPC. Hii ni njia inayoiwezesha programu iliyopo kwenye kompyuta moja kuagiza kazi ifanywe na kompyuta nyingine kupitia mtandao, kisha kupokea jibu kana kwamba kazi hiyo imefanyika palepale. Nelson ndiye anayetajwa kuwa aliipa njia hiyo jina lake, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1981.

Maisha na elimu

Nelson alisoma katika Chuo cha Harvey Mudd kilichopo Claremont, jimbo la California, akahitimu mwaka 1974. Ni chuo kidogo kinachofundisha zaidi sayansi, hisabati na uhandisi. Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Stanford, alikopata shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mwaka 1976. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kwa masomo ya udaktari aliyoyamaliza mwaka 1982.

Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alifanya kazi pia katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, kinachofahamika kama PARC. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970. Wakati huo mahali pengi duniani kompyuta ilikuwa mashine moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi, lakini watafiti wa PARC walikuwa na kompyuta za kutumia mtu mmoja mmoja, zilizounganishwa kwa Ethernet, mtandao uliobuniwa hapohapo kituoni mwaka 1973. Kwa hiyo tatizo ambalo wengine walilikuta miaka kumi au ishirini baadaye, watu wa PARC walikuwa nalo tayari: kompyuta zilikuwa nyingi na zimeunganishwa, lakini kuandika programu zinazoshirikiana kupitia waya ilikuwa kazi ngumu.

Tatizo lililokuwepo

Programu ya kompyuta hugawanywa katika vipande vinavyoitwa taratibu. Kila utaratibu una jina, hupokea vigezo fulani, hufanya kazi yake na kurudisha jibu. Kuutumia huitwa kuuita. Ndani ya kompyuta moja mwito kama huo ni wa haraka mno na hauna wasiwasi. Utaratibu ukiitwa, utafanya kazi. Kompyuta ikizimika, aliyeita na aliyeitwa huzimika pamoja.

Kupitia mtandao mambo yalikuwa tofauti. Mwandishi wa programu alilazimika kufunga data katika pakiti yeye mwenyewe, kuandika anwani, kuhesabu muda wa kusubiri, kugundua pakiti zilizopotea na kuzituma tena. Kazi hiyo ilirudiwa upya kwa kila programu, na walioiweza walikuwa wachache. Wazo la kuifanya ifanane na mwito wa kawaida halikuanza na Nelson. Mwaka 1976 James E. White alikwisha kupendekeza kitu cha namna hiyo kwa ajili ya ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Nelson ndiye aliyelichambua wazo hilo kwa kina na kuonyesha mahali linapoweza kuvunjika.

Mfano wa nyumbani unaweza kusaidia. Mkulima wa mboga huko Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, akihitaji jembe lililopo stoo humwambia mwanawe aliye karibu naye, naye humletea. Huo ni mwito wa ndani. Akihitaji mfuko wa mbolea, humpa kijana pesa na kumtuma kwa gari hadi mjini Morogoro. Huo ni mwito wa mbali. Namna ya kuagiza ni ileile, ila sasa kijana anaweza kukwama njiani kabla ya kununua, anaweza kukuta duka limefungwa, au anaweza kununua vizuri kabisa kisha gari likaharibika wakati wa kurudi. Baba aliyebaki mlimani anaona jambo moja tu, kwamba kijana hajarudi. Akimtuma wa pili, huenda akaishia na mifuko miwili na pesa imetoka mara mbili. Asipomtuma, huenda mboga zikakosa mbolea.

Tasnifu ya 1981

Sehemu kubwa ya tasnifu ya Nelson inahusu hali hiyo ya baba asiyejua. Aliuliza maswali ambayo hadi leo hufundishwa vyuoni. Jibu lisiporudi, je, kazi imefanyika au haikufanyika? Mwito ukirudiwa, je, kazi itafanyika mara mbili? Kuna kazi zisizodhurika kwa kurudiwa: kuuliza saa ngapi mara tatu si tatizo. Lakini kutoa shilingi 50,000 kwenye akaunti mara tatu ni tatizo kubwa. Kwa hiyo mfumo wa RPC lazima useme wazi unaahidi nini: kwamba kazi itafanyika angalau mara moja, au kwamba haitazidi mara moja. Kuahidi kwamba itafanyika mara moja kamili hata mashine zinapozimika ni jambo gumu mno.

Alishughulikia pia upande wa pili wa tatizo, ambao wengi walikuwa hawaufikirii. Itakuwaje kompyuta iliyoagiza ikizimika huku kompyuta ya mbali ikiendelea na kazi? Kazi hiyo sasa haina mwenyewe. Hutumia muda wa mashine, huenda imeshikilia mafaili, na jibu lake halina wa kulipokea. Nelson aliziita kazi kama hizo yatima, akaeleza njia kadhaa za kuziondoa. Mojawapo ni kuandika kumbukumbu kabla ya kila mwito, ili kompyuta ikiwaka tena ijue ni yatima gani wa kufutwa. Nyingine ni kutangaza enzi mpya kila kompyuta inapowaka upya, na kazi zote za enzi iliyopita zikomeshwe. Ya tatu ni kuipa kila kazi muda maalumu, ukiisha iombe nyongeza au ife. Hakuna hata moja kati ya hizo isiyo na kasoro.

Kazi pamoja na Andrew Birrell

Baada ya nadharia yakaja matendo. Akishirikiana na Andrew Birrell, mtaalamu mwenye asili ya Uingereza aliyekuwa PARC, Nelson alijenga mfumo wa RPC uliotumika kweli ndani ya mradi wa Cedar, kwenye kompyuta zilizoitwa Dorado. Makala yao iliyoeleza mfumo huo ilichapishwa Februari 1984. (Mwaka huohuo, kule Morogoro, ndipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipoanzishwa.)

Mfumo wao ulikuwa na sehemu tano. Kwa upande wa anayeita kulikuwa na programu yenyewe, mwakilishi wake na kitengo cha mawasiliano; kwa upande wa anayeitwa kulikuwa na mwakilishi mwingine na programu inayotoa huduma, pamoja na kitengo kilekile cha mawasiliano. Mwakilishi ndiye kiini cha ubunifu huo. Ni kipande kidogo cha programu chenye jina na vigezo sawasawa na utaratibu halisi. Programu hudhani inauita utaratibu, kumbe inamwita mwakilishi. Huyo hufunga vigezo katika pakiti, huvituma, husubiri, hufungua jibu na kulikabidhi. Tena wawakilishi hao hawakuandikwa kwa mkono: programu iliyoitwa Lupine iliwatengeneza yenyewe kutokana na orodha ya taratibu. Anwani ya mashine yenye huduma inayotakiwa ilipatikana kwa kuuliza Grapevine, daftari la majina lililokuwa mtandaoni.

Kuhusu miito inayorudiwa, suluhisho lao lilikuwa rahisi. Kila mwito ulibeba utambulisho wenye sehemu tatu: mashine iliyoita, kazi iliyoita ndani ya mashine hiyo, na namba inayoongezeka kila mara. Kompyuta iliyopokea pakiti yenye namba iliyokwisha kuiona ilijua kuwa ni nakala, na haikuifanya kazi upya. Jibu lenyewe lilichukuliwa kuwa ndiyo stakabadhi ya kwamba mwito umefika, hivyo mwito mfupi ulihitaji pakiti mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ahadi yao ilikuwa hivi: jibu likirudi, kazi imefanyika mara moja kamili, ukirudishiwa taarifa ya hitilafu, kazi imefanyika mara moja au haikufanyika kabisa. Mwito usio na vigezo ulichukua zaidi kidogo ya milisekunde moja, kasi kubwa kwa wakati ule, ingawa mwito wa ndani ya mashine ileile ulichukua mikrosekunde chache tu.

Upinzani haukukosekana. Mwaka 1988 Andrew Tanenbaum na Robbert van Renesse walichapisha makala ya kuikosoa njia hiyo, na mwaka 1994 wataalamu wa kampuni ya Sun Microsystems walionya kwamba ni hatari kuficha tofauti kati ya kilicho karibu na kilicho mbali. Hoja zao zina uzito. Hata hivyo si haki kumlaumu Nelson kwa kuficha hatari hizo, kwani tasnifu yake ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kuziorodhesha. Waliozisahau ni baadhi ya waliomfuata.

Kazi za baadaye, tuzo na kifo

Baada ya PARC, Nelson alifanya kazi Auspex Systems, kampuni iliyotengeneza seva za kuhifadhi mafaili kwa kutumia NFS. NFS yenyewe, iliyobuniwa na Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980, ilijengwa juu ya RPC. Mwaka 1996 alijiunga na Cisco Systems kama ofisa mkuu wa sayansi.

Mwaka 1994 yeye na Birrell walipewa Tuzo ya Mfumo wa Programu ya ACM, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa kompyuta, kwa ajili ya RPC.

Nelson alifariki tarehe 19 Septemba 1999 akiwa na umri wa miaka 47, alipokuwa katika safari ya kikazi mjini Tel Aviv, Israeli. Kifo chake kilitokana na kuchanika kwa ukuta wa aota, mshipa mkuu wa damu. Chuo cha Harvey Mudd kina mfululizo wa mihadhara wenye jina lake. Birrell alifariki mwaka 2016.

RPC kwenye wavuti

Mifumo ya RPC ya miaka ya 1980 ilitumia milango yake yenyewe ya mtandao. Intaneti ilipopanuka, taasisi ziliweka vizuizi vya usalama vilivyofunga karibu milango yote isipokuwa ile ya wavuti. Ikaonekana ni heri kuipitisha miito ya mbali katika mlango uleule unaotumiwa na vivinjari, kwa kuwa HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti, nayo ni ya ombi moja na jibu moja. Mwaka 1998 Dave Winer na kampuni ya Microsoft walitoa XML-RPC, ambamo jina la utaratibu na vigezo vyake huandikwa kama maandishi ya kawaida ndani ya ombi la HTTP. Kutoka hapo ilizaliwa SOAP, ikafuata JSON-RPC, na mwaka 2015 kampuni ya Google ikaitoa kwa umma gRPC, inayotumia HTTP/2. Nelson aliwahi kuuona mwanzo tu wa safari hiyo.

Katika Afrika Mashariki, umbali uliathiri miito hiyo kwa muda mrefu. Kabla ya waya wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, mawasiliano mengi ya intaneti ya Tanzania na nje yalipita kwenye setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka. Jumla ni kilomita 144,000 au zaidi, yaani karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Programu inayofanya miito 20 mmoja baada ya mwingine ilipoteza sekunde 10 kwa kusubiri tu.

Leo miito ya namna hii inabeba pesa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mzazi wa Mgeta anapolipa ada ya mwanawe kwa simu, ombi hufika kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na mitambo hiyo ndiyo inayoziita seva za benki au za serikali. Mtandao ukikatika katikati, yeye hubaki kama yule baba wa mbolea: pesa zimekwenda au hazikwenda? Ndiyo maana kila muamala hupewa namba yake ya utambulisho, na malipo ya serikali hutanguliwa na namba ya kumbukumbu inayotolewa kwa kila ankara peke yake. Ombi lilelile likifika mara ya pili, seva inaweza kulitambua kwa namba yake na kurudisha jibu la kwanza bila kukata pesa tena.